Kijiko Kimoja au Viwili

Amu, 9 Januari 2024

Kwa Swafwan, mwana wa kaka yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila dari ya ukumbi imeanza kumwaga chokaa, na kila mgeni akiondoka anaondoka na mabega meupe. Fahima yuwakusalimu. Anasema binamu yake aliyeko Nairobi amemsahau. Nimemwambia hukumsahau, wasoma. Wasichana ninaowasomesha Kurani chuoni wamefika juzuu ya pili na kelele zao zasikika hadi gatini.

Najua utasema Shangazi ana simu, kwa nini aandike. Nikikupigia wasema “naam, naam, naam” kama mtu anayeshuka ngazi. Barua utaisoma umekaa. Nimempa Bwana Harith, ambaye huja huko kununulia duka lake vitu, aiache maktabani kwako.

Sasa nisikilize. Ndani ya bahasha mna ukurasa nilioukata katika gazeti liitwalo Afya Tele, lile la karatasi za kung'aa. Limesema unga wa majani ya mzunze, mti ambao wengine wauita mlonge, waondoa kisukari katika siku arobaini. Bwana Jabez, mwenye shamba Kililana, anausaga na kuuweka makoponi, na mimi nimeshanunua. Ladha yake si mbaya, kama mchicha uliokasirika.

Ukurasa haukusema ni kijiko kimoja kwa siku au viwili. Wewe wakaa na vitabu kutwa, nitafutie uniandikie. Sitaki mengine, nataka hesabu ya vijiko tu.

Mungu akulinde na baridi ya huko.

Shangazi yako,
Batuli

*

Nairobi, 2 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Bwana Harith alinikuta nimejifunga shuka shingoni kwa mafua. Alicheka, akanipa bahasha, akasema umemwapisha asiifungue. Mafua yanapungua. Masomo yanaendelea, na mezani pa maktaba nimepewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wapya. Ajabu ni kwamba ninachowafundisha ndicho ulichoniuliza, ingawa wewe uliuliza vijiko.

Nawaambia hivi: kabla hujaamini maandishi, jua yameandikiwa nani. Afya Tele ni ya watu wote. Inauzwa kwenye vibanda, inataka msomaji afurahi ili anunue tena. Pale pa jina la mwandishi pameandikwa “Mwandishi Wetu”. Nimeugeuza ukurasa wako, Shangazi. Nyuma yake kuna tangazo la unga, na kopo lililo kwenye tangazo ndilo lililo kwenye picha ya habari.

Kuna majarida mengine ya watu wa kazi fulani, wanaoandikiana wao kwa wao: wenye hoteli, wajenzi, wauza dawa. Hayo si ya uongo, ila yanamfaa mwenye kazi, si mgonjwa.

Halafu kuna ya wanazuoni. Humo mwandishi anataja jina lake, mahali anapofanyia kazi, namna alivyopima, na mwishoni wote aliowategemea. Kabla ya kuchapishwa, makala hupelekwa kwa wataalamu wengine wayachambue bila huruma. Huko hukaa miezi, pengine mwaka.

Nimekutafutia moja la namna hiyo kuhusu mzunze. Waliopewa walishuka sukari kidogo kuliko ambao hawakupewa. Lakini, Shangazi, waliopewa walikuwa panya. Na waandishi wenyewe wamemaliza kwa kusema hawajui kama kwa binadamu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo vijiko sina.

Nina swali dogo. Vile vidonge vya hospitali, unameza?

Msalimie Fahima, mwambie sijamsahau.

Mwanao,
Swafwan

*

Amu, 27 Februari 2024

Mwanangu Swafwan,

Salamu nyingi, na pole kwa mafua. Chemsha tangawizi, na usilale na nywele majimaji. Huku twajitayarisha kwa Ramadhani. Fahima amekwisha kununua mtele na tende, na paka wa jirani amezaa ndani ya kabati langu la vitambaa, watoto wanne, wote wa rangi ya jirani.

Barua yako nimeisoma nikakasirika siku nzima kwa sababu ya wale panya. Nimefundisha wanawake wa muyi huu tangu babako hajaoa, leo natafutiwa habari zangu kwa panya. Hilo nimekusamehe.

Lakini yaliyobaki nimeyapenda, na nikushangae wewe kuniandikia kama kwamba ni mapya. Sisi tuna elimu nzima ya jambo hilo. Mtu akileta maneno huulizwa: umeyapokea kwa nani, na huyo kwa nani, naye ni mkweli au msahaulifu? Huyo “Mwandishi Wetu” kwetu angeitwa majhuli, mtu asiyejulikana, na maneno yake yangewekwa kando mpaka ajitokeze.

Basi nikamngojea Bwana Jabez alipoleta makopo. Nikamkaribisha kahawa.

“Bwana Jabez, haya yaliyoandikwa kwenye kopo, kwamba kisukari chaondoka, umeyapokea kwa nani?”

“Kwa gazeti, Bi Batuli. Si ulilisoma?”

“Na gazeti limepokea kwa nani?”

Akaweka kikombe chini. Ni mtu mwema, hana hila. “Kwangu,” akasema. “Walinipigia simu.”

Alikuwa kama mtu aliyefuata ndia ndefu akatokea nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kesho yake akaniletea jarida jingine ili anitulize moyo, la hao watu wa kazi uliowasema. Laitwa Msagaji. Mna habari nzuri ya kukausha majani yasipoteze rangi, na mashine, na kifuniko cha kopo kinachopendwa. Palipotajwa kisukari wameandika: “Wateja wenye kisukari ni soko linalokua.” Neno hilo nimelisoma mara mbili. Mimi, Batuli, ni soko.

Kwa hivyo nimeelewa kila kitu. Mzunze naendelea nao kwa ajili ya ladha tu.

Kwenye simu ulisema waandika makala ya kuchapishwa, yale ya namna watu wa Amu walivyohifadhi miswada majumbani, ambayo uliniuliza habari za sanduku la mamangu. Niletee yakitoka.

Shangazi yako

*

Nairobi, 22 Machi 2024

Shangazi,

Ramadhani karimu. Hapa nafuturu na vijana wengine wa pwani. Mmoja wetu anapika kaimati ngumu kiasi kwamba tunaziheshimu. Nimemsomea kila mtu barua yako mpaka pale pa Bwana Jabez na simu, na wameomba nyingine.

Makala yametoka. Yamo katika Jarida la Kimataifa la Elimu Zote, na nakala yako ndiyo hii. Jina langu liko juu, na ndani umo wewe. Chuo kikuu kinataka mwanafunzi awe na makala yaliyochapishwa kabla ya kuwasilisha tasnifu, kwa hiyo sasa nimebakiza kidogo. Inshallah mwisho wa mwaka nitavaa joho, nirudi nyumbani.

Swali langu la vidonge uliliruka. Nilipitia barua yako upya, mbele na nyuma. Jibu halimo.

Mwanao,
Swafwan

*

Amu, 19 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi njema ijapokuwa imepita. Tulikula, tukatembeleana, na Fahima alishona nguo mpya ambayo sasa anasema imembana kwa sababu ya fundi. Mimi yangu ya mwaka jana imenilegea. Nimepungua, watu wanasema napendeza. Joto la mwezi huu limezidi, nakunywa maji mtungi kwa mtungi.

Makala yako tumeyasoma. Fahima alinitafsiria, kwa kuwa Kiingereza changu ni cha risiti. Nilipoliona jina lako nililia kidogo, usimwambie mtu. Kisha nikafuta mato nikataka kujifunza, nikauliza yale uliyonifundisha.

La kwanza, ukurasa wa nne umechapishwa, halafu umechapishwa tena. Fahima alidhani amepitiwa, akausoma wote upya mpaka mimi nikamwambia haya nimeyasikia.

La pili, mimi nimeandikwa “Mzee Batul, mvuvi mstaafu”. Nyumba nzima yaniita mvuvi sasa. Fahima ameniuliza nyavu zangu ziko wapi.

La tatu ndilo lililonikalia kitwani. Kabla yako mna makala ya chakula cha kuku, na baada yako ya nguzo za madaraja. Ulisema kila makala huchambuliwa na wajuzi wa jambo lile. Ni nani huyo ajuaye kuku na madaraja na sanduku la mamangu? Na ulisema hukaa miezi. Wewe uliyapeleka lini? Maana mwezi wa pili ulikuwa na mafua, na makala hujamaliza kuyaandika.

Sikuulizi kwa ubaya. Nimejifunza kwako.

Shangazi yako

*

Nairobi, 21 Mei 2024

Shangazi,

Natumai nyote hamjambo. Huku mvua imenyesha sana na barabara ya bweni ni tope. Nimenunua viatu.

Kuhusu lile jarida, tutazungumza. Yako mambo ya uchapaji ambayo ni marefu kueleza. Samahani kwa neno mvuvi.

Msalimie Fahima. Nina kazi nyingi.

Swafwan

*

Amu, 16 Juni 2024

Mwanangu Swafwan,

Assalamu alaykum. Idi ya Kuchinja imeingia na mimi niko kitandani, lakini ni kitanda changu mwenyewe, alhamdulillahi. Fahima alitaka kukupigia simu nikamkataza. Nilimwambia ataandika aliyeanguka.

Nilianguka chuoni. Wasichana walikuwa wanasoma Suratul-Alaq, ambayo wajua aya yake ya mwisho ina sijda. Mimi nilikuwa nimeona kiza tangu mwanzo wa sura, nikasema nitamaliza nao. Walipofika mwisho nikaenda mbele, uso chini kwenye mkeka. Basi wale watoto, kwa adabu yao, wakasujudu wote. Wakakaa vile wakiningoja niinuke. Fahima alipoingia kuleta maji alikuta darasa zima liko chini kimya, akadhani tumezidiwa na uchamungu. Mmoja ndiye aliyemwambia, bila kuinua kitwa: “Bi Fahima, mwalimu leo anaomba kwa muda mrefu.”

Nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni uliobeba saruji, nikafika kijivu. Kile kimashine cha kupimia sukari hakikutoa namba, kiliandika neno tu, yaani imepanda kupita kinavyojua kuhesabu. Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ndogo.

“Bi Batuli, vidonge uliacha lini?”

Fahima akasema mama hajaacha. Mimi nikasema, “Nilipoanza unga.”

Fahima akatoka nje. Ilipita saa nzima hajarudi, na aliporudi mato yake yalikuwa mekundu na hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Swali lako nililiona kila mara, Swafwan. Mimi si mtu wa kuruka maneno. Niliyajua yote uliyonieleza, nikamhoji Jabez na gazeti na kopo, nikasifiwa nyumba nzima kwa ukali wangu, na jioni nikaketi nikanywa unga na kuacha vidonge pale pale. Wamkumbuka marehemu mume wangu na kile kisanduku chake chenye vyumba, cha asubuhi, cha mchana, cha usiku. Alimaliza miaka yake akihudumia kisanduku. Sikutaka kufungua changu. Nilitaka uniandikie kijiko kimoja, ili kuwe na mtu mwenye elimu aliyeniruhusu.

Sasa nameza. Daktari amesema mzunze niule kama mboga, na ni mboga nzuri.

Nimekwambia yangu. Nangoja yako.

Batuli

*

Nairobi, 1 Julai 2024

Shangazi yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni mwa maktaba, nikakaa chini pale pale. Watu wakanipita juu. Nilicheka pa wale wasichana, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nilimpigia Fahima; amenieleza kwamba sasa wainuka mwenyewe, na kwamba ulipokuwa hospitali ulimkosoa mpishi kuhusu chumvi. Nikashukuru.

Sasa yangu. Makala niliyapeleka tarehe kumi na mbili Machi. Kabla ya kwenda kulala siku hiyo walinijibu, “Mheshimiwa Profesa Swafwan, wahakiki wetu wameyapenda sana,” wakataja ada. Mimi si profesa, na hakuna mhakiki aliyeyaona. Nililijua hilo niliposoma neno Profesa. Nililijua kabisa, Shangazi, kwa sababu asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi nawaeleza namna ya kuyatambua majarida ya aina hiyo, yaliyovaa kilemba cha wanazuoni na ndani ni duka. Nikalipa. Nilikuwa nimechoka kusubiri, nilitaka joho, nilitaka kukuletea karatasi yenye jina langu.

Maswali yako matatu yalinifika nikiwa na marafiki. Niliyasoma kimoyomoyo, nikaikunja barua. Waliniuliza Shangazi ameandika nini, nikasema habari za paka.

Jana nimekwenda kwa msimamizi wangu, Dokta Ghada, nikamwambia yote. Alinisikiliza, akauliza, “Nani aliyeligundua?” Nikasema, mvuvi mstaafu wa Amu. Nikamwonyesha ukurasa. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akavaa miwani na kuniambia makala hayo hayatahesabiwa, niyaandike upya, niyapeleke kwenye jarida la kweli, na joho la mwaka huu nilisahau.

Kwa hiyo sirudi mwisho wa mwaka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliandika.

Mwanao,
Swafwan

*

Nairobi, 14 Novemba 2024

Shangazi,

Salamu kwako na kwa Fahima. Nimefurahi kusikia kwamba sukari imetulia, na kwamba Bwana Jabez amebandua yale maneno ya kisukari kwenye makopo akaandika “Mboga ya Mzunze”. Umesema biashara imeongezeka, mwambie nampongeza.

Makala mapya yamerudi kutoka kwa wahakiki. Ni wawili, sijui majina yao wala wao hawajui langu. Wa kwanza ametaka nipunguze utangulizi. Wa pili ameandika kurasa tatu, na hakuna mstari alioupenda. Kuhusu wewe ameuliza hivi, nakutafsiria: “Huyu Bi Batuli amejuaje kwamba karafuu ziliwekwa sandukuni kufukuza wadudu? Aliona mwenyewe, au aliambiwa? Na nani?”

Naogopa kukuuliza, lakini imebidi.

Swafwan

*

Amu, 5 Disemba 2024

Mwanangu Swafwan,

Barua hii sikumpa Bwana Harith. Nimeiandika nyumbani, nitaipakia kwenye mkoba wangu, nivuke hadi Mokowe, nipande basi, na nikifika nitakupa mkononi. Daktari wa mato ameniandikia nikaonwe huko, na Fahima yuko pamoja nami. Sasa hivi unaposoma nimekaa mbele yako. Usiinue uso. Soma mpaka mwisho.

Huyo mhakiki wa pili nimempenda. Amenichukua kwa uzito kuliko watu wengi waliokula kwangu. Mjibu hivi: karafuu nilimwona mamangu, Mwanamkisi, akizitia sandukuni kwa mkono wake, nami nikimshikia kifuniko. Kwamba zilikuwa za kufukuza wadudu aliniambia yeye, naye aliambiwa na mama mkwe wake. Huyo mama mkwe alipokea kwa nani, sijui. Andika kwamba sijui, usinipambie. Na mwulize kama harufu nayo si sababu, maana mamangu alikuwa mtu wa kupenda harufu.

Yaliyobaki siyawezi kwa mdomo, ndiyo maana nimeyaleta kwa karatasi.

Nilipoanguka pale chuoni, kabla kiza hakijafunga, nilisikia wale watoto wakishuka chini pamoja nami, magoti yao kwenye mkeka, na nikaogopa sana, Swafwan. Sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba watanifuata popote niendapo bila kuuliza. Tangu siku hiyo nawafundisha kuuliza, na darasa langu limekuwa na tabu sana, hakuna aya inayopita bila mtu kuinua mkono.

Ulipokwenda kwa mwalimu wako ukayarudisha yale makala, na joho nalo ukalirudisha, hukunisikia nikisema neno. Kwenye simu nilikuuliza habari za viatu. Nilikuwa nimesimama ukumbini, nimemshika Fahima mkono kwa furaha. Babako angekuwa hai ningekwenda kumgongea mlango nimwambie.

Basi, umemaliza. Usiseme kitu, maana na mimi nitashindwa kujizuia nisilie, na hapa ni maktaba, watu wamenyamaza. Ikunje barua, uitie mfukoni, uniulize kama nimekula.

Shangazi yako,
Batuli